Lornah Anyango na Vanishi Inayokubali Kutoka

Padre, wazee wetu wa Nyakach na wa Bungoma, majirani wa hapa Kajulu, walimu, wafanyakazi wa makumbusho, na nyinyi nyote mliokanyaga matope kutufikia leo, Jumamosi tarehe 7 Machi 1998, familia ya Mwalimu Joram Walubengo inawaomba mketi, mwenye kiti kwenye kiti na mwenye nyasi kwenye nyasi, ili isomwe safari ya mama wa boma hili. Inasomwa na shemeji yake, Gordon Wakhisi, na inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu upande mmoja wa hema unaongea Kijaluo, upande wa pili Kibukusu, na marehemu mwenyewe aliagiza kwamba asizikwe huku nusu ya watu wakiuliza nusu nyingine kimesemwa nini.

Lornah Anyango alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Mei 1949, jua likiwa limeshapanda, ndiyo maana akaitwa Anyango, huko Kusa, Nyakach, ufuoni kabisa mwa ziwa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zadock Ogola, fundi wa mashua, ambaye yuko nasi hapa mbele, na wa marehemu Mama Apiyo, aliyetutangulia mwaka 1986. Alikulia kwenye maranda ya mbao na harufu ya vanishi, akatambaa chini ya mashua kabla hajajua kupanda ndani yake, na wazee wa Kusa wanakumbuka kwamba babake akikosa brashi hakumuuliza mtu mwingine, alimtafuta Anyango, kwa sababu lazima angemkuta mahali fulani anapaka kitu ambacho hakikuwa chake, jiwe, kuku, au mlango wa jirani.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni karibu na Pap Onditi, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, akaendelea na shule ya upili ya wasichana ya bweni kuanzia Januari 1965 hadi Desemba 1968, kisha akajiunga na chuo Nairobi, akahitimu ualimu wa sanaa mwaka 1971. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na Mwalimu Joram Walubengo, baada ya mazungumzo marefu ya pande mbili ambazo hazikusikizana lugha lakini zilielewana vizuri sana ilipofika habari ya ng'ombe, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nabututu mwaka 1973, Wabwire mwaka 1976, na Oduor mwaka 1980.

Marehemu alifundisha kuchora katika shule ya wasichana hapa Kisumu tangu Januari 1972 hadi mwisho wa mwaka 1981, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa na makumbusho ya mjini, ambako alionyesha mkono mwepesi na subira ya ajabu, hata akapelekwa Roma, Italia, kuanzia Machi hadi Novemba 1984, kujifunza kutunza na kusafisha michoro ya zamani. Mama mkwe wake, alipoelezwa kwamba bibi ya mtoto wake anavuka bahari akafundishwe kufuta picha vumbi, aliuliza kwani hapa Kisumu vumbi limeisha, na swali hilo lilimchekesha Lornah mpaka miezi yake ya mwisho.

Sasa, kwa wale wasiolijua kanisa la pale karibu na Pap Onditi, ni lazima desturi ya kopo ielezwe, kwa maana bila hiyo historia hii haina miguu. Kanisani humo, ukutani upande wa kulia wa altare, kuna picha kubwa ya rangi za mafuta iliyochorwa kwenye turubai na mwalimu mmoja wa misheni, ikatundikwa mwaka 1936, na siku ilipotundikwa wavuvi wa Kusa walisema kwamba kitu kizuri hakiachwi wazi, mashua hupakwa, kasia hupakwa, meza ya padre hupakwa, sembuse Bwana Yesu, kwa hiyo wakaweka zamu, kila Jumamosi Kuu mlango mmoja, yaani ukoo mmoja, ulete kopo la vanishi ya mashua, na fundi aipake picha nzima mpako mpya kwa ajili ya Pasaka. Tangu ujana wake fundi huyo alikuwa Mzee Zadock, ambaye siku hiyo alivua viatu mlangoni, alinawa mikono hadi viwiko, na alikuwa na brashi moja ya picha ambayo haikugusa mashua hata siku moja. Watu walifanya hivyo kwa upendo, na leo tunasema wazi mbele ya wote kwamba hakuna aliyekosa.

Lakini vanishi ya mashua ina tabia yake, hung'aa miezi ya kwanza, halafu hugeuka manjano, halafu kahawia, na ukiipaka Pasaka juu ya Pasaka, moshi wa mishumaa na wa taa za chemli ukilala katikati, picha huingia giza polepole bila mtu kujua ilianza lini, mpaka ikawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Lornah alipokuwa mtoto wa shule, kilichoonekana kilikuwa doa jekundu la moto chini na kivuli cha mtu amesimama kando, na kanisa zima likakubaliana kwamba ni Petro, anaota moto uani kwa kuhani mkuu, usiku ule alipomkana Bwana wake, na kila Ijumaa Kuu maskini Petro alihubiriwa na kusutwa mbele ya picha hiyo. Mtu mmoja tu alikataa, Mama Rosa, aliyebatizwa akiwa mtu mzima mwaka ambao picha ilitundikwa, yeye alisema pale motoni kuna samaki, watu wakamwambia ni macho yamezeeka, ila hakukubali.

Mwishoni mwa mwaka 1989 ukuta wa kanisa ulipasuka ikabidi picha ishushwe, na padre akawaambia wazee kwamba binti yao mwenyewe anajua kazi hiyo, hivyo Jumatatu tarehe 8 Januari 1990, kwa ruhusa ya makumbusho, Lornah alianza. Aliwaeleza wazee sheria ya kazi yake, kwamba vanishi ni nguo na rangi ni mwili, nguo huchakaa na hubadilishwa, kwa hiyo mtu hapaki juu ya kazi ya mwenzake kitu ambacho anayekuja baadaye hataweza kukitoa bila kuumiza rangi ya chini. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, lakini siku ya kwanza walipomwona anaweka pamba mdomoni, anailowesha mate, kisha anafutia moshi kwenye picha takatifu, nusura kikao kiitwe, mpaka alipowakumbusha kwamba yule kipofu wa Injili naye aliponywa kwa mate na hakulalamika.

Baada ya mate ilifuata asetoni iliyopunguzwa makali kwa tapentaini, juu ya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, akiizungusha pole, akiitupa ikishika kahawia, akichukua nyingine, na vanishi ya mashua ilikuwa imekaza kweli, kuna siku alishinda pale akatoka amefungua sehemu isiyozidi kiganja. Mzee Zadock alikuja kila siku, akakaa benchi la nyuma na kofia mapajani, akaangalia Pasaka zake zikitoka kwenye pamba na kujaa kwenye sufuria. Lornah aliwahi kusema nyumbani hapa kwamba hakuna macho yaliyomtisha Roma nzima kama macho hayo mawili nyuma yake, kwa sababu aliogopa kuharibu picha, na aliogopa zaidi kumwaibisha babake.

Mwezi wa tatu picha ilifunguka, na juu halikuwa giza wala usiku, ilikuwa mbingu ya asubuhi, chini yake ziwa limetulia, na siku alipofika kwenye moto, Lornah aliweka kijiti chini, akaagiza Mama Rosa aletwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama Rosa aliinama, akatazama makaa, na yale yaliyokuwa juu ya makaa, akawataja samaki wale kwa Kijaluo, "Ngege. Si nilisema." Halafu akaketi chini, akafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga tena vizuri, kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Hivyo ndivyo kanisa lilivyojua kwamba yule mtu kando ya moto ni Petro kweli, lakini si usiku wa kumkana Bwana, ni ile asubuhi ya baada ya ufufuo, Bwana amewasha moto ufuoni, amechoma samaki, anamwita ale yule yule aliyemkana, na Petro anatoka majini nguo zimemlowa, hajui aweke wapi mikono yake. Watu walilia kwa furaha, tunasema wazi, kwa maana miaka yote walikuwa wamekaa chini ya msamaha wakidhani ni hukumu. Lakini furaha nyingine haina adabu, na mzee mmoja, kwa utani, akasema kumbe Zadock ndiye aliyewazimia asubuhi, watu wakacheka, na Mzee Zadock akavaa kofia ndani ya kanisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Alirudi Jumamosi Kuu, tarehe 14 Aprili 1990, viatu mkononi, mikono imenawa, na kopo jipya la vanishi ya mashua, kwa sababu mwaka huo zamu ilikuwa ya mlango wa Ogola wenyewe. Lornah alikuwa tayari amepaka yake, mpako mmoja mwembamba wa vanishi nyeupe isiyogeuka rangi, iliyoagizwa kutoka ng'ambo ikiwa chembechembe kama sukari guru iliyopondwa, akaiyeyusha mwenyewe, na ilimbidi asimame mbele ya kanisa zima amkatalie babake. Alisema kwa upole kwamba aliyoipaka itakuja kutolewa siku moja, na mtu yeyote, kwa dawa nyepesi, na rangi isiguswe, na kama haitatoka, basi yeye hakuwa na haki ya kuitoa ya babake. Mzee Zadock alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kopo lake, akasema, "Yangu umesema imeng'ang'ania. Sawa. Tutaona yako."

Tangu siku hiyo Mzee Zadock hakula katika nyumba ya binti yake. Hawakugombana, wale mnaolijua boma hili mtashuhudia, alikuja Kajulu, aliketi, aliuliza watoto habari ya shule, alirekebisha mlango uliolegea, lakini sahani ikiletwa alisema ameshiba, chai ikiletwa alisema amekunywa, na alirudi Kusa na njaa yake kamili, na mnajua kwetu sote, Wajaluo kwa Wabukusu, mzazi asiyekula kwako amekuambia nini. Lornah alipika kila mara hata hivyo. Alijaribu vipande vidogo vya turubai ofisini, akavipaka na kuvitoa, vikatoka, lakini alijua ofisini si kanisani, vitabu vilivyosema vanishi ile itatoka viliandikwa mahali ambapo hakuna joto la Nyakach wala moshi wa taa za chemli. Alimwogopa Mungu, alimpenda mumewe, aliitunza kazi ya wengi, lakini kilichomkosesha raha miaka hiyo yote kilikuwa hicho kimoja, kwamba huenda naye ameifungia asubuhi ile kwa kufuli mpya.

Mwezi wa sita mwaka 1997 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa, ikaonekana ni saratani, akatibiwa hapa Kisumu, akapata nafuu, akarudi kazini kwa kiburi chake kizuri, kisha tarehe 3 Novemba akalazwa tena. Ndipo zikaja mvua zile ambazo hatuna haja ya kuzisimulia, Ahero ilikuwa maji, mpunga ulikuwa maji, barabara ilikatika, na pale karibu na Pap Onditi upepo ulinyanyua mabati ya kanisa, maji yakateremka ukutani usiku na mchana, na Krismasi watu walipoingia walikuta picha imefunikwa na ukungu mweupe, Bwana haonekani, samaki haonekani. Wengine walisema vanishi ya Roma imekufa, wakamtazama Mzee Zadock.

Lornah alipopata habari hiyo wodini alielewa kuliko wote, kwamba ukungu umeingia kwenye vanishi, haujafika kwenye rangi, na vanishi sharti itolewe, kwa hiyo ahadi yake imefika siku ya kulipwa, na yeye hawezi hata kuketi. Alimwita Metrine Kageha, mwenzake wa kazini ambaye yeye Lornah alimfundisha tangu mwaka 1992, akamwagiza aende barabara ikifunguka, asitumie asetoni hata tone, dawa nyepesi peke yake kama alivyoahidi, aanze kwenye kona ya chini yenye mawe, ili kama rangi itatoka yaumie mawe tu, na asiguse chochote kabla Mzee Zadock hajafika na kuketi. Metrine anasema mama alitoa maagizo hayo kwa sauti ya kazi, kisha akageukia ukuta.

Jumamosi tarehe 31 Januari 1998 Metrine alizungusha pamba kwenye kona ile, wazee wamesimama, Mzee Zadock kwenye benchi, la mbele safari hii, na alipoiinua pamba ilikuwa na maji na manjano hafifu ya moshi, na hakuna rangi, hakuna kijivu cha mawe, hakuna chochote. Mzee aliomba pamba ile, akainusa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaifuta kwenye kiganja chake na kukiangalia kiganja. Kisha akatoka nje, akavua viatu, akanawa mikono hadi viwiko, akarudi na kuomba kijiti, na mkono uliopaka Pasaka zote zile ukatoa vanishi ya binti yake kwenye eneo la ukubwa wa sahani, pole, bila kukosea, mpaka vidole vya Petro vikaonekana, ndipo akaketi sakafuni na kulia kama mtoto, na Metrine akalia naye, kwa sababu mzigo ukishuka mwili hauna la kufanya ila hilo.

Siku hiyohiyo alifunga pamba moja kwenye leso, akaenda Kisumu, akafika wodini saa kumi jioni, akaiweka leso mkononi mwa Lornah kabla ya salamu.

"Imetoka, nyathina, mwanangu," alimwambia. "Tulipogusa yote imetoka, na rangi iko pale pale."

Lornah aliifungua leso, akaigeuza pamba ile vidoleni, akasema, "Na yako pia ilitoka, Baba. Ilisumbua tu kidogo."

Wauguzi wanasema walicheka wote wawili mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka bila kuambiwa sababu. Pembeni palikuwa na sahani ya ugali na samaki ambayo mgonjwa alishindwa kuimaliza, na Mzee Zadock akavuta kiti, akanawa, akaivuta sahani hiyo, akala, akamaliza, akaulizia kama kuna chai. Mwalimu Joram alikuwepo, na anasema kuanzia saa hiyo mkewe alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka minane, na sisi wa familia, tulioogopa sana mwisho huu, tulishusha pumzi pamoja naye.

Marehemu alituacha asubuhi ya Jumanne tarehe 24 Februari 1998, akiwa na miaka arobaini na minane, mumewe amemshika mkono wa kulia na Nabututu wa kushoto, maumivu yakiwa yamekwisha, na hakuwa na deni la neno kwa mtu yeyote. Imetuuma, hatutadanganya, lakini hatukulia kama watu waliopokonywa, tulilia kama watu waliosindikiza mtu mpaka mlango ukafunguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale walioruhusu mzee ale chakula cha mgonjwa kinyume cha kanuni, inawashukuru majirani wa Kajulu walioleta maji, kuni na viti, walimu wanaofundisha na Mwalimu Joram, wafanyakazi wa makumbusho, na Metrine Kageha, ambaye ameimaliza ile picha, ameipaka mpako mpya, na Pasaka hii, mkifika pale, mtaikuta asubuhi iko wazi.

La mwisho ni hili jeneza mnaloliona. Limetengenezwa Kusa na Mzee Zadock kwa mikono yake, kwa mbao alizoziweka kwa ajili ya mashua, na alipofika mahali pa kupaka, watu walimletea vanishi ya mashua kama desturi, akaikataa, akamwomba Metrine ile iliyobaki kwenye kopo la Lornah, akalipaka mpako mmoja mwembamba. Alipoulizwa kwa nini asiweke ile ngumu inayodumu udongoni, alijibu kwamba mwanawe anakwenda kwa Mwenyewe, na siku ile ya kumwamsha, Mwenyewe asipate taabu kuitoa.

Lala salama, nyar Nyakach, binti wa ufuo ule, mama wa Bungoma, mulamwa wetu, shemeji yetu, lala kwa amani, na asubuhi ikifika, itakukuta tayari.